Kamanda Alivyovunja Kikao cha Harusi

Sadiki ameshawatangazia Kawempe nzima kwamba nilikimbia nusu uchi na sindano nikimfukuza paka. Ametia chumvi. Nilikuwa nimejifunga leso. Moja, lakini leso.

Kamanda, paka wangu, mnamjua: dume lililohasiwa, likalelewa kwa posho (ugali) na mchuzi mpaka tumbo likaburuza. Ghafla akaanza kumaliza bakuli la maji, kukojoa mpaka mchanga wake unakuwa uji, na kukonda huku anakula. Alipoanza kutembea visigino vya nyuma vikigusa sakafu, daktari wa mifugo akasema ni sukari.

Tangu hapo naishi saa moja asubuhi na saa moja jioni. Yuniti 2 kila mara, insulini ya binadamu, ile yenye rangi ya maziwa; chupa unaiviringisha viganjani, hutikisi. Sindano iwe ya insulini ya U-100, na mistari uisome kabla hujavuta: kwenye ile ya mililita 0.3 mstari ni yuniti 1 au nusu, kwenye ile ya mililita 1 mara nyingi mstari mmoja ni yuniti 2. Ukizichanganya umempa dozi maradufu. Anakula kwanza, halafu unavuta ngozi ya ubavu kwa vidole, unachoma pale chini ya mkunjo. Haya yote anayafanya mtu anayeogopa kuchinja kuku.

Sindano nimeizoea. Kinachonimaliza ni kumtazama akiwa kimya: amelala, au amezimia? Namgusa sikio, ananikunjia uso, nashukuru Mungu. Ukimweleza mtu anakuuliza, "Paka?" kwa ile sauti mnayoijua.

Basi, jioni ile alikula mukene (dagaa) wake vizuri, nikamchoma. Nusu saa haijaisha, mukene wote ukarudi kwenye zulia. Anayeelewa ameshashika kichwa: insulini iko ndani, chakula kiko nje, na hiyo dawa haitoki tena. Nikampa mwingine, akageuza uso. Daktari kwenye simu akasema nimpime sukari kila saa.

Kwenye saa nne akajaribu kupanda kitandani, akakosa, akabaki anayumba akitazama ukuta. Nikapasha sikio joto kwa kitambaa, nikaweka pamba kwa nyuma nisijichome kidole, nikatoboa ukingoni, tone la damu kwenye mashine ya sukari: 2.3. (Chini ya 3 kwa paka wa insulini ni hatari. Mashine za watu husoma chini kidogo kwenye damu ya paka, najua, msinifundishe. Paka akishayumba hubishani na mashine.)

Asali. Usimmiminie kooni, atapaliwa. Unachovya kidole na kumpaka kwenye ufizi, ndani ya shavu. Mikono ilikuwa inanitetemeka, kwa hiyo nusu ilifika kwenye ufizi, iliyobaki ikaenda kwenye masharubu, kifua chake, leso na nywele zangu.

Sasa, mizigo yetu, yaani vyumba vya kupanga, inatazama uani, mlango kwa mlango, na uani kulikuwa na kikao cha harusi ya kijana wa Hajati. Viti vya plastiki, soda, mwenyekiti na kipaza sauti, mwekahazina na daftari la ahadi. Mlango wangu ulikuwa wazi kwa sababu ya joto.

Hapa twende polepole. Asali inaingia kwenye damu. Kamanda anasimama mlangoni. Mimi nasema, "Kamanda, mwanangu, kaa." Kamanda anatazama kikao. Mwenyekiti anasema, "Shemeji wa pale nyuma, tunakusikiliza," na shemeji anainuka, anavuta koti, anafungua mdomo. Kamanda anaruka. Anapita juu ya meza ya soda. Chupa ya kwanza inaanguka. Ya pili inafikiria, nayo inaanguka. Hajati, ndani ya gomesi nyeupe ya hariri, vazi lake la Idi, anainua mikono juu. Paka anatua mapajani na asali yake yote, anajishikiza kwa kucha kwenye mkanda wa gomesi. Nyuma yake natokea mimi, leso, chupa ya asali mkono mmoja, mashine imening'inia shingoni kwa kamba, napiga kelele: "Mshikeni! Atakufa!"

Kampala, usiku, neno "mshikeni". Vijana wa boda walikuwa wameshaingia uani na fimbo. Sadiki alikuwa juu ya kiti, hilo hakuwaambia.

Nikapiga magoti mbele ya Hajati. Watu wakadhani naomba radhi. Nilikuwa natafuta sikio, maana ukishapaka asali, baada ya dakika 10 hadi 15 unapima tena, harusi au hakuna harusi. Nikatoboa. Kimya. Mashine inahesabu. Shemeji bado kasimama mdomo wazi.

"3.9," nikasema, kwa sauti ndogo.

Mwenyekiti, kwa mazoea tu, akaidaka kwenye kipaza sauti: "Tatu nukta tisa! Makofi!"

Wakapiga. Mimi ndipo nikaangua kilio. Si kile cha heshima cha kufutia kwa ncha ya leso. Kilikuwa na kamasi. Nikamwambia Hajati, paka akiwa katikati yetu, kwamba silali, kwamba ikikaribia saa moja tumbo linaniuma, kwamba namhudumia mnyama ambaye akiniona tu anajificha chini ya kitanda. Hajati hakusema kitu. Akaniwekea mkono kichwani, mkono ukanasia kwenye asali, ikabidi tukae hivyo mpaka mtu alete maji ya vuguvugu.

Mengine ni mafupi. Kamanda alikula kuku wa kikao, akapanda hadi 7 na kitu, asubuhi daktari akashusha dozi hadi yuniti 1. Gomesi iko kwa dobi, kwa gharama yangu. Shemeji, katika kuchanganyikiwa, aliahidi mbuzi wawili.

Na jana mwekahazina kanionyesha daftari: "Mama Kamanda, 50,000." Mimi sikutaja kiasi chochote. Nimeuliza nani aliniandika, wananijibu kwamba kila mtu aliniona nikipiga magoti.