Jina la kompyuta nyumbani likae kwenye mashine au kwa rauta?

Mafundi wa mitandao hapa Mwanza ukiwaweka meza moja ukawauliza kompyuta mbili za nyumba moja zijuaneje kwa majina, watagawanyika hapohapo. Kuna wanaosema kila mashine ijitangaze yenyewe, unaandika seva.local unafika, basi. Na kuna wanaosema hapana, majina yatunzwe sehemu moja, kwenye rauta au kwenye kimashine kidogo cha DNS (mfumo wa kugeuza majina kuwa anwani za namba), na kila mtu akaulize hapo. Pande zote mbili zina hoja za kweli kabisa, ila anayeumia katikati ni mtu wa kawaida ambaye ana laptopu, ana deskitopu ya kutunzia mafaili, ana printa, na umeme ukikatika ukirudi hakuna kinachoonana na mwenzake.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Rauta inagawa anwani za IP, yaani namba za vifaa kwenye mtandao, kwa DHCP (mfumo wa kuzigawa zenyewe) na anwani hizo ni za kuazima, zina muda wake. Chukulia steshenari pale Buzuruga, deskitopu yenye kazi za wateja leo iko 192.168.1.14 na laptopu ya kaunta imeelekezwa hukohuko kwenye 14. Umeme umekatika mchana ukarudi jioni, rauta nyingi za bei ya chini zikishazimwa hazikumbuki zilimpa nani namba gani, simu ya mteja imewahi waifai ikachukua 14 na deskitopu ikaangukia 17. Mwenye duka anapiga simu, "kaka ile mashine imepotea tena, njoo uangalie", fundi anapanda daladala kutoka Nyegezi anakuja kubadilisha namba moja anachukua hela yake anaondoka, wiki ijayo ni yaleyale. Mi hiki kitu kinanikera kwa sababu dawa ipo na ni ya bure.

Wengi wanaanza na kufunga anwani, yaani unaiambia rauta kwamba MAC hii (namba ya kiwandani ya kadi ya mtandao) ipewe 14 siku zote. Ni hatua nzuri na mimi naipendekeza kwa mashine yoyote inayotoa huduma, ila haijatatua jina, bado watu wanakariri namba. Wengine wanakimbilia faili la hosts, kwenye Linux ni /etc/hosts na kwenye Windows liko C:\Windows\System32\drivers\etc\hosts, unaandika namba na jina mstari mmoja umemaliza. Linafanya kazi hata intaneti ikiwa imekufa na mara nyingi kompyuta inalisoma kabla ya kuuliza kwingine. Tatizo ni kwamba unaliandika kwenye kila mashine, na simu huwezi kuligusa bila kuifungua mfumo wake. Mtandao mzima wa ARPANET, uliotangulia intaneti, uliwahi kuishi hivyohivyo, kulikuwa na faili moja la HOSTS.TXT likitunzwa kwenye taasisi ya utafiti ya SRI kule California na kila kituo kinalinakili kwake, mashine zilipoongezeka ikawa haiwezekani tena, ndo Paul Mockapetris akaandika DNS mwaka 1983. Kwa mashine mbili tu hosts inatosha. Zikifika tano pamoja na simu za watoto hapana.

Sasa tuje kwenye ubishi wenyewe. Upande wa .local unatumia mDNS na wazo lake ni rahisi sana, ni kama ukifika mwaloni Kirumba unamtafuta mwenye mtumbwi fulani, huendi ofisini kuulizia daftari, unapaza sauti na mwenyewe anaitika. Kompyuta inatuma swali kwenye anwani ya pamoja 224.0.0.251 mlango 5353, vifaa vyote vya mtandao huo vinalisikia, mwenye jina ndo anajibu. Apple waliingiza kitu hiki kwenye Mac OS X 10.2 mwaka 2002 wakakiita Rendezvous baadae kikaitwa Bonjour, na Stuart Cheshire na Marc Krochmal wakaja kukiandika rasmi kama RFC 6762 (RFC ni hati za kanuni za intaneti) mwezi Februari 2013. Kwenye Linux kazi hio inafanywa na programu ya Avahi, Windows 10 nayo inaelewa, na printa nyingi za waifai zinajitangaza hivyo bila wewe kufanya chochote.

Uzuri wake mkubwa kwa huku kwetu, na hapa ndipo naona mafundi wengi wanapita haraka, ni kwamba jina linatembea na mashine. Nyumba nyingi hapa Mwanza hazina rauta ya kudumu. Mwezi huu unatumia kirauta cha laini hii kwa sababu bando lake ni nafuu, mwezi ujao umehamia kampuni nyingine na kirauta chake, umeme ukikatika usiku unawasha hotspoti ya simu kumalizia kazi. Kila ukibadilisha hivyo namba zote zinabadilika, saa nyingine hata kutoka 192.168.1 kwenda 192.168.8, na kama majina uliyaandika kwenye rauta ya kwanza yameondoka nayo. Lakini seva.local inabaki seva.local, haijali rauta ni ya nani, haihitaji intaneti, haihitaji hata DHCP maana kompyuta mbili kwenye swichi tupu zikijipa anwani za 169.254 bado zitaitana kwa majina. Hakuna njia nyingine kati ya hizi inayoweza hivyo.

Ila upande wa pili nao una haki ya kulalamika. Sauti ya mDNS haivuki mtandao wake. Mtu ananunua rauta ya pili ili waifai ifike chumba cha nyuma, anaichomeka bila kuizima DHCP na NAT (inayoficha vifaa nyuma ya anwani moja), tayari ana mitandao miwili ndani ya nyumba moja, deskitopu iko huku na simu iko kule na .local haifiki ng'ambo. Anasema .local ni mbovu wakati kilicho kibovu ni mpangilio, ile ya pili ilitakiwa ifanywe kituo cha waifai tu. Kuna pia rauta zenye setingi ya kutenganisha vifaa vya waifai visisikiane, nzuri kwa hoteli, nyumbani inaua kila kitu. Simu za Android za zamani zilikuwa hazijui kabisa .local kwenye brauza, za miaka ya karibuni zimerekebishwa lakini hapa mtaani bado kuna simu nyingi za zamani na mama mwenye nyumba hawezi kuambiwa anunue simu mpya ili afungue picha za harusi kwenye deskitopu. Alafu majina yakigongana, mashine moja inajiongezea namba inakuwa seva-2.local, na Avahi imeshawahi kufanya hivyo hata kwa mashine moja iliyochomekwa waya na waifai kwa pamoja, unatafuta seva huipati kumbe ipo imebadilisha jina kimyakimya.

Upande wa DNS ya nyumbani hautegemei kelele. Programu ya dnsmasq ya Simon Kelley, ambayo ndo inakuja ndani ya OpenWrt (mfumo huria wa rauta) na ndo msingi wa Pi-hole (DNS ya nyumbani ya kuzuia matangazo), inagawa anwani na papohapo inaandika jina la aliyepewa, kwahiyo laptopu ikiingia kwenye waifai jina lake linajulikana bila mtu kuandika kitu. Simu ya zamani, simu mpya, televisheni, wote wanauliza DNS ya kawaida wanajibiwa. Inavuka mitandao miwili kama njia ipo. Kwa ofisi ndogo au shule yenye kompyuta ishirini mi nisingebishana hata dakika moja, hii ndo njia.

Shida yake inaanzia kwenye kupata hio rauta. Virauta vingi tunavyopewa na laini havina sehemu ya kuandika majina ya ndani, vingine hata DNS ya DHCP huruhusiwi kubadilisha. Basi unaweka Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bodi moja, pembeni, na hapo umejitwika mzigo, kwa sababu sasa nyumba nzima inauliza majina kwa kile kimashine na siku kadi yake ya kumbukumbu ikifa kwa umeme wa kuwakawaka watu hawatakuambia DNS imekufa, watakuambia umeharibu intaneti. Na wengi wakiogopa hilo wanafanya kosa ninaloliona kila mahali, wanaweka Pi kama DNS ya kwanza na 8.8.8.8, DNS ya Google, kama ya pili wakiamini ya pili ni akiba. Sio akiba kwa namna hio, kifaa kinaweza kuuliza yoyote kati ya hizo wakati wowote, na 8.8.8.8 ikiulizwa jina la seva ya nyumbani kwako inajibu kwamba jina hilo halipo. Hilo ni jibu kamili, kifaa hakitaenda kuuliza tena kwingine. Ndo maana unasikia "leo inakubali kesho inakataa". Ukiamua kuwa na DNS yako iwe peke yake, au ziwe mbili zote zinazojua majina ya ndani. Na simu ambayo mtu ameiwekea DNS binafsi kwa mkono kama dns.google, nayo inaruka rauta yako kabisa.

Jambo la mkia wa jina, yaani sehemu ya mwisho baada ya nukta, linastahili kutajwa kwa uzito maana pande zote zinaligusa. Kuna watu wanaweka DNS ya rauta alafu wanachagua .local kama mkia wake. Usifanye hivyo, .local ilishatengwa kwa ajili ya mDNS na Linux nyingi zikiona .local zinapaza sauti tu kisha zinaishia hapo, hazifiki kwa DNS yako hata kama jibu analo. Kujitungia mkia nako kuna hatari, walikuwepo watu wengi duniani waliokuwa wakitumia .dev kwenye mashine zao za ndani, kumbe Google walikuwa wameshaichukua kama mkia halali, na mwishoni mwa 2017 Chrome ikaanza kulazimisha HTTPS (mawasiliano yaliyofichwa kwa usimbaji) kwa majina yote ya .dev, kazi za watu zikakataa kufunguka. Mkia uliotengwa kwa nyumba upo, ni home.arpa kwa mujibu wa RFC 8375 ya mwaka 2018, unaonekana mrefu ila hautakusaliti, na mwaka 2024 ICANN, wanaosimamia mikia ya majina duniani, wametenga .internal pia. Jina la neno moja tu, yaani "seva" bila nukta, mi simshauri mtu alitegemee, brauza inaweza kulipeleka kwenye utafutaji, na Windows ikilipata ni kwa LLMNR, njia yake nyingine ya kuitana majina, au NetBIOS ya tangu miaka ya 1980 yenye kikomo cha herufi 15, vitu ambavyo Microsoft wenyewe wameshasema wanaelekea kuviacha.

Kwahiyo msimamo wangu kwa nyumba ya kawaida, iwe Igoma, Buswelu au Sengerema ng'ambo ya ziwa, ni kuanza na .local. Ipe mashine jina lisilo la kawaida, usiiache raspberrypi au DESKTOP na herufi za ajabu, hakikisha Avahi inaendesha kama ni Linux, kama ni Windows weka mtandao kuwa wa binafsi maana ukiuacha wa umma ukuta wake unaweza kuzuia, na rauta ya pili igeuzwe kituo cha waifai. Ukishakuwa na rauta yako mwenyewe ambayo haibadiliki kila bando likipanda bei, hapo ongeza DNS yenye home.arpa, na wala huhitaji kuizima .local kwa sababu hazigombani zikiwa na mikia tofauti.

Ninapotofautiana na wenzangu wa .local ni kwenye nyumba za wapangaji. Kule Malimbe karibu na chuo kikuu cha SAUT wanafunzi nyumba nzima wanachangia waifai moja, na mDNS haina namna ya kuthibitisha anayejibu ndiye mwenyewe, yeyote aliyemo kwenye waifai anaweza kuitikia jina la seva yako na laptopu yako ikampelekea nenosiri. Hata DNS ya rauta inadanganyika kama inakubali jina lolote linaloletwa kwa DHCP, mpaka uwe umefunga jina na anwani kwa MAC, na MAC nayo huigwa. Hapo jina lisaidie kufika tu, uaminifu utoke kwingine, kwa mfano SSH (njia salama ya kuingia kwenye mashine nyingine) ambayo inakumbuka ufunguo wa mashine na kukuonya ukibadilika, na hilo onyo mtu asilipuuze. Kushea mafaili ya Windows kwa nenosiri dhaifu kwenye waifai ya watu wasiojuana mi nisingekubali kwa njia yoyote kati ya hizi, na fundi akikuwekea hivyo mwambie kwanza akutenganishie mtandao wako.