Kufunga barabara Tabora Jumapili asubuhi: mwenye baiskeli anasherehekewa nini?

Wazo lenyewe ni dogo. Vijana wa jogging hapa Tabora, wale wanaopita alfajiri ya Jumamosi wakiimba na kuwaamsha waliolala, wamekuwa wakisema tuwe na Jumapili moja kila mwezi ambapo barabara moja ya katikati ya mji inafungwa kwa magari na pikipiki, kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 4. Watu watembee, waendeshe baiskeli, watoto wacheze, wauguzi wakae pembeni wapime presha na sukari. Nimelisikia likijadiliwa kijiweni kwenye kahawa, na nimesikia pia likichekwa. Wanaolicheka wana hoja, tena nyingine nzito kuliko wao wenyewe wanavyozieleza.

Iliyonikaa ni ya mzee mmoja anayeleta mkaa mjini kwa baiskeli. Nilimkuta kwa fundi akizibiwa pancha, magunia yameshushwa chini ya mwembe. Tukasalimiana kwa salamu ya huku, mwangaluka, mwangaluka, kisha nikamweleza wazo la vijana. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Mwanangu," akasema, "baiskeli hii ninaisukuma tangu ujana. Leo ndiyo mnataka kunifanyia sherehe? Mnanisherehekea umaskini?" Fundi akacheka. Mimi jibu sikuwa nalo.

Na kweli, Paris mtu akipanda baiskeli siku ya bila magari, kuna uwezekano ameacha gari nyumbani. Tabora anapanda kwa sababu ndicho alichonacho. Waangalie vijana wa daladala, kwa maana ya hapa kwetu, yaani baiskeli yenye mto wa sponji kwenye keria. Walikuwa wafalme wa mji kabla ya bodaboda. Sijakutana na hata mmoja anayeota baiskeli ya pili. Anaota pikipiki, na akiipata haangalii nyuma. Ukimwendea mtu kama huyo na fulana iliyoandikwa habari za faida za kuendesha baiskeli, usishangae akiichukua fulana na kuacha maneno.

Halafu kuna bodaboda wenyewe. Anayeendesha pikipiki ya mtu anadaiwa hesabu Jumapili kama anavyodaiwa Jumatatu, na wa mkataba ndiyo kabisa, siku moja ikipotea inamfuata wiki nzima. Jumapili asubuhi ni ya abiria wa ibada: akina mama wenye vitenge vizuri ambao siku nyingine wangetembea, lakini siku hiyo hawataki vumbi. Ukifunga barabara saa hizo umemgusa mfukoni. Mgonjwa anayekimbizwa hospitali ya Kitete naye lazima apite, na mtu asiyeweza kutembea hawezi kuambiwa leo ni siku ya miguu.

Ninaongeza hoja ambayo wapinzani hawajaisema, labda kwa adabu. Tunajijua. Tukio likishapata jina litapata na mgeni rasmi. Mgeni rasmi atatakiwa saa 1, atafika saa 3 na nusu, na atafika kwa gari, na gari lake litapitishwa kwenye kizuizi kile kile alichozuiwa mwenye bodaboda. Baada ya hapo hakuna hotuba itakayookoa kitu.

Pamoja na hayo yote, naona upande wa vijana wa jogging haujaeleweka, na wa kwanza kulaumiwa ni wao wenyewe. Wameliuza wazo kama mazoezi na mazingira. Mazoezi ni tatizo la sisi tunaokaa ofisini. Mzee wa mkaa anafanya mazoezi kuliko timu yoyote inayoingia uwanja wa Ali Hassan Mwinyi. Mazingira ni neno kubwa mno kwa barabara moja. Kinachobishaniwa hapa ni nafasi: lami ile imewekwa kwa ajili ya nani, na nani amekubali kushuka kila anapopigiwa honi.

Huu ni mji uliotengenezwa na miguu, jambo la kuchekesha kidogo ukifikiria. Kabla reli haijafika mwaka 1912, kila kilichoingia Unyanyembe, yaani eneo hili la Tabora, kutoka pwani kilibebwa na mtu, na wapagazi waliosifika kuliko wote walikuwa Wanyamwezi. Kutoka Bagamoyo mpaka hapa ilikuwa safari ya miezi kwa mguu. Miembe tunayojivunia ilistawi kwenye njia na vituo vya watu hao. Anayesema kutembea ni jambo la kuletwa na wageni, anawaambia hivyo wajukuu wa wapagazi.

Sensa ya 2022 iliwahesabu watu zaidi ya laki tatu katika Manispaa ya Tabora. Simama asubuhi ya siku ya kazi kwenye barabara yoyote inayotoka Isevya au Ng'ambo kuingia mjini, na utaona wengi wao wanavyosafiri. Wanafunzi kwa makundi, akina mama wenye beseni kichwani, baiskeli zenye madumu, na katikati yao gari moja linalotaka wote wapishe. Na wote wanapisha. Wanashuka kwenye bega la barabara, na mahali ambapo bega limeliwa na mvua wanashuka mpaka kwenye mtaro.

Hapo ndipo kuna hesabu moja isiyoniacha. Gari likienda kilomita 50 kwa saa, ambayo ndiyo kasi ya juu inayoruhusiwa na sheria yetu kwenye maeneo ya makazi, linakata karibu mita 14 kila sekunde. Dereva makini, asiye na simu mkononi, anahitaji kama sekunde moja tangu amwone mtoto hadi mguu uguse breki. Mita 14 zimekwisha na gari halijaanza hata kupunguza. Breki nazo, kwenye lami kavu na tairi nzima, zinataka mita nyingine kama hizo. Sasa lichukue gari hilo hilo liende 30. Sekunde ya kushtuka inakula mita 8, breki zinakula 5. Jumla 13. Maana yake gari la 30 limeshasimama kabisa mahali ambapo gari la 50 bado linakwenda 50.

Niliirudia kwa kalamu mara tatu nikidhani nimekosea. Mtoto ni yule yule na mita ni zile zile 13. Mbele ya gari la 30 anatukanwa na dereva aliyeshtuka, anakimbilia shule. Mbele ya gari la 50 anagongwa na gari ambalo dereva wake ndiyo kwanza mguu unafika kwenye breki. Na dereva huyo wa 50 hajavunja sheria ya kasi. Mtu akiniambia tofauti ya 30 na 50 ni kuchelewa dakika mbili kufika sokoni, namwomba apime mita 13 kwa hatua zake, kutoka mlangoni kwake, halafu asimame pale.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ajali za barabarani huua watu takriban milioni 1.19 kila mwaka, na zaidi ya nusu yao ni waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na waendesha pikipiki pamoja na abiria wao. Angalia aliye wa mwisho kwenye orodha. Kijana wa bodaboda anayepinga Jumapili ya vijana wa jogging kwa sababu ya hesabu ya bosi yumo kwenye nusu hiyo, pamoja na mzee wa mkaa. Wanagombania bega moja la barabara huku katikati wakimwachia mwingine.

Jumapili moja haipunguzi kasi ya Jumatatu, hilo nalikubali bila kusukumwa. Lakini barabara za mji ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017, madiwani wanapitisha vipaumbele, na wengi wa wanaokaa kwenye vikao hivyo wanafika kwa gari. Sisemi kwa ubaya; hata mimi siku nikipewa lifti, mtaro siuoni. Mtu huyo akitembea kwa miguu yake kutoka stesheni hadi Soko Kuu, saa mbili asubuhi, na mwanawe mdogo kwenye baiskeli mbele yake, atajua mahali pasipo na kivuko, na atajua daraja dogo ambalo halina nafasi ya mtu na baiskeli kwa pamoja. Hakuna taarifa ya kurasa 40 itakayomfundisha kama goti lake. Mtoto naye, kwa saa chache, atajifunza baiskeli kwenye lami badala ya kuifunzia uani akigonga ukuta.

Tena atajua kivuli. Kwa mwenye gari mti ni pambo, au ni kitu kinachoziba njia. Barabara ikipanuliwa wa kwanza kuondoka ni mwembe. Kwa anayetembea mwezi wa tisa na wa kumi, kabla mvua hazijaanza, jua la Tabora likiwa utosini, kivuli ni sehemu ya barabara sawa na lami. Akina mama wanajua njia za miembe na wanazunguka ili wazifuate. Mchoro wa barabara unaoonyesha upana wa lami na mitaro bila kuonyesha mti hata mmoja umechorwa na mtu aliyekuwa na kiyoyozi. Sidhani ni ukatili. Hajatembea hapo tu.

Kwingine limefanyika, na matokeo si ya miujiza. Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, walianza mwaka 1974, wapenda baiskeli waliojitokeza kudai barabara. Leo kila Jumapili na sikukuu zaidi ya kilomita 120 zinafungwa kwa magari kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 8 mchana. Lakini mtandao mkubwa wa njia za kudumu za baiskeli ulisubiri mpaka mwishoni mwa miaka ya 1990. Zaidi ya miaka 20 ya Jumapili! Addis Ababa walianza Desemba 2018. Kigali, ambako ni jirani, walianza Mei 2016 mara moja kwa mwezi, baadaye wakafanya mara mbili, na watu hupimwa afya bure hapo hapo. Kigali kulianzishwa na mamlaka ya jiji, Bogotá na wananchi. Kinachofanana ni kwamba waliendelea, kwa siku zinazojulikana, kwa hiyo hata mwenye gari alijipanga.

Kuendeleza ndiko kunakotushinda. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alitangaza Jumamosi ya pili ya kila mwezi kuwa siku ya mazoezi nchini. Kwa niionavyo hapa kwetu, joto lake limebaki kwa vikundi vya jogging tu. Lakini tunayo pia Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ya usafi, ambayo maduka yaliagizwa kufungwa mpaka saa 4 asubuhi. Wafanyabiashara walinung'unika, wakazoea, wakapanga upya saa zao. Kwa hiyo anayesema mji wa Tabora hauwezi kusimamisha biashara saa chache asubuhi bila kuporomoka, amesahau kwamba kwa ajili ya mifagio iliwezekana.

Nilirudi kwa yule mzee wiki mbili baadaye, si kwa makusudi, nilikuwa nataka mkaa. Safari hii sikumwambia habari za sherehe. Nilimuuliza ni wapi malori yanamshusha kwenye lami. Akaweka gunia chini. Alinitajia sehemu nne, moja baada ya nyingine, na kwa kila moja akaeleza: hapa kuna mteremko ukishuka huwezi kusimama na mzigo, hapa mtaro hauna kifuniko, hapa magari yanaegeshwa mpaka unaingia katikati kwa lazima. Mahali pa nne alishawahi kuanguka. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza, akasema, na akanipunguzia bei, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Kama Jumapili hiyo itakuwepo, naona wapewe kazi watu kama yeye: watembee na mhandisi mwenye utepe wa kupimia, waonyeshe hapa na hapa, chokaa ipakwe pale pale. Fulana zisubiri, na mgeni rasmi akija aje na viatu vya kutembelea. Gari la wagonjwa liachiwe njia, na mwenye kubeba mtu asiyeweza kutembea apite bila kubishana na mgambo.

Hilo la hesabu ya bodaboda bado linanisumbua. Jibu langu la sasa ni kufunga saa 12 na kufungua saa 3 badala ya saa 4, ili abiria wa ibada ya pili wabaki wao. Walioko stendi niliowaeleza wamesema wangependa iwe saa 2.