Kioo kila upande, na taa zinawaka mchana

Ingia saa tisa alasiri kwenye ofisi ya ghorofa la kioo, upande unaotazama magharibi. Mapazia yameshushwa mpaka chini. Palipobaki mwanya, mtu amelikunjua boksi la karatasi za printa akalibandika kwenye kioo kwa selotepu, ili jua lisimpige kwenye kompyuta. Juu ya vichwa vyao taa zote zinawaka. Jengo limezungushiwa kioo ili lipate mwanga, na linatumia umeme kujipatia mwanga huohuo mchana kutwa, tena Dar es Salaam.

Wanaotetea kioo wana hoja za kweli. Kubwa kuliko zote ni wepesi. Kioo cha milimita 6 kina kilo 15 kwa kila meta ya mraba. Weka hata viwili pamoja na fremu za aluminiamu, bado uko chini ya kilo 50. Ukuta wa tofali za saruji za inchi 6 zisizo na matundu, ukishapigwa lipu pande zote mbili, unapita kilo 300. Zidisha tofauti hiyo kwa ghorofa 20 uone nondo na zege linalookolewa kwenye nguzo na msingi. Kioo pia hupandishwa haraka, na hakihitaji lipu wala rangi. Kinazuia vumbi, mbu na kelele za barabarani. Na mpangaji mwenye fedha anapenda jengo linalong'aa. Mwenye jengo aliyekopa benki hawezi kulipuuza hilo.

Ninalolikataa ni dai moja linalosemwa kana kwamba halina ubishi: kwamba jengo la kioo ndilo lenye mwanga, na jengo la vivuli, lile la varanda, kuta za matundu na vizuizi vya zege nje ya madirisha, ni la kizamani na lina giza.

Mwanga unaoangukia juu ya kitu hupimwa kwa luksi. Jua kali la mchana, mahali pa wazi, hutoa luksi zipatazo 100,000. Kazi ya kawaida ya ofisini, kusoma na kuandika, inahitaji kati ya 300 na 500. Ni mia tano kati ya laki moja, yaani nusu ya asilimia moja. Hata ukikaa nje kivulini, ambapo jua lenyewe halikugusi, mwanga wa anga peke yake unaweza kufika luksi 10,000, mara 20 ya ule anaouhitaji karani mezani. Kwa hiyo msanifu wa majengo wa ukanda wetu hana shida ya kutafuta mwanga. Shida yake ni kuupunguza kwa akili: achukue ule mdogo anaouhitaji kutoka angani, na ule mkali wa jua lenyewe auzuie kabla haujagusa dirisha. Michoro mingi imeiga miji ya Ulaya, ambako wakati wa baridi jua huwa chini na anga ina mawingu mazito kwa miezi. Kule kioo kikubwa kina maana. Huku kinafungulia mlango kitu ambacho mtu atatumia siku nzima kukifukuza.

Tena jicho halipimi mwanga kama kifaa. Linalinganisha. Mboni hujibana kulingana na kile kinachong'aa zaidi mbele yake, na kikiwa hicho ni ukuta mzima wa kioo wenye jua, meza na nyuso za watu chumbani huonekana nyeusi hata kama kipimo kinasema mwanga unatosha. Ndiyo maana mtu huwasha taa mchana: analipunguza pengo kati ya dirisha na chumba. Chumba chenye dirisha la wastani lililokingwa, dari nyeupe na kuta za rangi nyepesi kinaweza kuwa na luksi chache kuliko hicho na bado kikaonekana king'avu zaidi, kwa sababu hakuna mahali pamoja panapolitesa jicho.

Rangi nazo zina ushahidi wao. Ili kupunguza makali ya jua, kioo hutiwa rangi ya buluu, kijani au shaba, na kila kinachoangaziwa kupitia hapo hubeba rangi hiyo. Muuza vitambaa wa Kariakoo analijua jambo hili bila kufundishwa. Mteja akisita kuhusu kitenge cha damu ya mzee, kilichoonekana kama kahawia chini ya taa za dukani, muuzaji hukitwaa na kwenda nacho mlangoni. Hatoki juani kabisa, kwa kuwa huko rangi inafifia kwa mng'ao. Anasimama kizingitini, penye kivuli na anga wazi mbele yake, na hapo wote wawili wanakubaliana ni rangi gani. Mwanga bora wa kutazamia rangi ni huo wa kivulini, na ndio ambao jengo la vivuli huuingiza ndani.

Jiografia nayo inatusaidia kuliko tunavyodhani. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Adhuhuri ya Desemba jua linapopita upande wa kusini huwa kwenye nyuzi 73 hivi juu ya upeo wa macho, na Juni, likiwa kaskazini, huwa kwenye nyuzi 60. Kwa pembe hizo, kizuizi cha zege cha meta 1 juu ya dirisha hukinga zaidi ya meta 3 za ukuta wa kusini saa hiyo, na karibu meta 1.7 za ukuta wa kaskazini. Kipande kidogo tu cha zege! Balaa liko mashariki na magharibi, ambako jua huingia likiwa chini na kizuizi cha juu hakifui dafu. Huko panahitajika vibao vya wima, au ukuta wenye madirisha machache. Lakini bahari ya Dar es Salaam iko mashariki, na bahari ndiyo inayouza vyumba. Kwa hiyo ukuta mkubwa wa kioo huwekwa palepale pasipoufaa. Asubuhi ya jua kali, kioo hicho kinaweza kupokea wati 500 kwa kila meta ya mraba, na kioo cha kawaida kisicho na rangi hupitisha takribani asilimia 80 ya joto hilo. Ukuta wa meta 10 kwa 3 unaingiza wati 12,000, sawa na kuwasha pasi 12 za wati 1,000 ndani ya chumba, kisha kudai kiyoyozi kishindane nazo. Pazia la ndani haliokoi sana, maana joto limeshavuka kioo.

Wala si kweli kwamba wepesi ni mali ya kioo peke yake. Soko la Kariakoo, kazi ya msanifu majengo Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975 likiwa na paa la miavuli ya zege iliyogeuzwa juu chini, kila mmoja ukisimama juu ya nguzo yake, ikikinga jua na kupeleka maji ya mvua kwenye matangi. Umbo lililopinda pande mbili hubeba mzigo kwa kupinda kwake, kwa hiyo halidai unene: huko Mexico, msanifu Félix Candela alijenga mgahawa wa Xochimilco mwaka 1958 kwa zege la sentimeta 4 tu. Soko liliungua Julai 2021, na msiba huo haukutokana na kuwa na kivuli na hewa.

Nakubali kuna mahali hoja yangu inapungua nguvu. Nairobi, kwenye meta 1,700 juu ya bahari, jua la asubuhi kupitia kioo linaweza kuwa neema. Kuna vioo vya kisasa vyenye utando unaozuia joto na kuacha sehemu kubwa ya mwanga ipite, ingawa bei yake ni nyingine kabisa. Na jengo pana sana haliangaziki kutoka ubavuni hata ulikinge vipi: mwanga wa dirisha hufika ndani kiasi cha mara mbili ya urefu wa dirisha kutoka sakafuni, kisha unakufa. Vizuizi vya nje navyo huota kutu kwa chumvi ya bahari, hukusanya vumbi, na ndege hujenga humo. Vinahitaji matunzo.

Lakini gharama hizo humwangukia anayejenga, wakati za kioo humwangukia anayepanga, kila mwezi, kwenye luku na dizeli ya jenereta. Ndiyo maana mjadala huu hauishii mezani kwa wasanifu. Mpangaji anayeonyeshwa ofisi yenye mandhari ya bahari aombe matumizi ya umeme ya Februari na Machi ya aliyemtangulia, kisha arudi kuitazama saa mbili na nusu asubuhi, mapazia yakiwa yamefunguliwa.