Kocha, Acha Kiwiko, Tazama Mguu

Jumamosi nilikaa kando ya uwanja wa besiboli nikimtazama mtoto wa miaka 11 akirusha. Kila mpira ukipotea, kocha anapaza sauti: "Inua kiwiko! Inua kiwiko!" Kufika kipindi cha tatu mtoto macho yote yako kwa kocha, glavu ya mdakaji anayepokea mirusho yake ameshaisahau, na kila akirusha, mkono wa kushoto unakwenda kusugua kiwiko cha kulia kwa ndani. Hakuna aliyemuuliza ana nini. Hasira haijaniisha mpaka leo.

Haya, kiwiko kweli kilikuwa chini, kocha aliona sawa. Ila mkono wa mrushaji ndio unaopata nguvu mwisho kabisa. Nguvu inaanzia mguu wa nyuma unaposukuma ardhi, inapanda nyongani, inazungusha kiwiliwili, ndipo inafika begani na kwenye vidole. Nyonga na kifua vikiwahi kufunguka, mkono unabaki nyuma unaburutwa, kiwiko kinaporomoka, na mzigo wote unaiangukia kano ya ndani ya kiwiko. Ndiyo kano aliyofanyiwa upasuaji mrushaji Tommy John wa timu ya Dodgers ya Marekani mwaka 1974. Yeye alikuwa mtu mzima. Mtoto mifupa yake bado inakua, na pale inapokulia ni pepesi kuumia kuliko hata kano yenyewe.

Mechi ilipokwisha nilimwomba mama yake ruhusa. Nikachukua kijiti, nikachora mstari kwenye vumbi kutoka pale anaposimama hadi kwa mdakaji, nikamwambia arushe mkono mtupu, bila mpira. Unyayo wake wa mbele ukatua kushoto ya mstari, upana mzima wa kiatu, vidole vikielekea pembeni; ndivyo nyonga inavyowahi kufunguka. "Unauona, mwanangu? Sasa ukanyage mstari, vidole vimwangalie mdakaji." Kiwiko sikukitaja. Mara ya tano hivi, mguu ulipogusa chini kiwiko kilikuwa usawa wa bega. Mama yake alikiona kabla yangu.

Wapo watakaosema mkono wa mtoto unaharibiwa na wingi wa mirusho. Nakubali. Mwongozo wa Pitch Smart, uliotolewa na ligi kuu ya besiboli ya Marekani (MLB) na shirikisho la besiboli la huko, USA Baseball, unasema miaka 11 na 12 mwisho mirusho 85 kwa siku, na akifikisha 66 apumzike siku nne. Hesabuni, tafadhali. Lakini anayekanyaga vibaya anaumia taratibu hata ndani ya hesabu hiyo.

Mipira ya kupinda, ile inayojikunja hewani, nayo ingoje mtoto akue.

Makocha, nawaomba. Mpira ukipotea, nendeni mkaangalie unyayo kabla hamjafungua mdomo, na mrekebisheni jambo moja tu kwa siku. Na mtoto akishika kiwiko, mtoeni palepale, hata kama amebaki mpigaji mmoja tu. Kisha mwambieni mzazi wake ampeleke kwa daktari.