Punda mwenye mzigo harudi nyuma

Siku hizi, kwenye njia ya kutoka Lamu kwenda Shela, wenye baiskeli na pikipiki wana lawama moja: punda wamejaa njiani, na mnyama akipigiwa kengele ndiyo kwanza husimama katikati. Si lawama ya bure. Kijana anayewahi kufikisha samaki kabla barafu haijaisha hawezi kukokota miguu nyuma ya punda watano waliobeba mchanga. Tena wapo vijana wanaojinoa kwa mashindano ya Maulidi, wakikimbiza punda mitaani bila kuangalia nani anatoka uchochoroni.

Ila huko kusimama tunakokuita ukaidi, nadhani hatukukuelewa. Farasi akishtuka hukimbia; punda mara nyingi huganda, apime hatari kwanza. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, kwa hiyo huona karibu pande zote isipokuwa nyuma yake moja kwa moja na hapo mbele ya pua. Baiskeli humjia kutoka hukohuko asikoona, tena kimyakimya. Kengele ikilia ghafla karibu na mkia, anachojua ni kwamba kuna kitu kimeshamfikia. Ukizidisha kengele anazidi kuganda, na pengine utaambulia teke.

Nchini Uingereza, ambako baiskeli, magari na wapanda farasi hutumia barabara zilezile za mashambani, mwongozo wa barabara uliorekebishwa Januari 2022 unamtaka dereva ampite farasi kwa nafasi ya angalau mita 2, na kwa mwendo wa chini ya maili 10 kwa saa, yaani kilomita 16 hivi. Mwendesha baiskeli naye anatakiwa apite polepole na kwa mbali. Hizo mita 2 hazinitoki kichwani. Mji wa Kale wa Lamu una vichochoro ambavyo ukuta hadi ukuta havifiki mita 2, na punda mwenye shogi (mfuko wa mizigo wa mgongoni) iliyojaa mawe huku na huku ameshachukua sehemu kubwa ya hapo. Nafasi hiyo hatuna wala hatutaipata: mji huu umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na hakuna atakayebomoa nyumba ili baiskeli ipite. Wenzetu wana nafasi na mwendo. Sisi tumebakiwa na mwendo peke yake, na kichochoroni mwendo wenyewe ni kushuka ukasubiri.

Kwa nini asubiri mwenye baiskeli? Kwa sababu baiskeli hugeuzwa, huinuliwa, huegemezwa barazani. Punda mwenye mzigo harudi nyuma. Ukimlazimisha kugeuka, shogi hukwaruza ukuta, mzigo huhamia upande mmoja, naye huteleza. Mgongo ukichubuka hafai kubebeshwa kitu mpaka upone, na nyumba inayokula kwa punda huyo mmoja inakaa bila riziki siku zote hizo.

Wazee walipita humuhumu na mizigo yao wakipaza "simile!" tangu mbali. Sauti ya mtu punda ameizoea. Ukitoa salamu hatua kumi kabla ya kumfikia, mwenye punda hugeuka, humshika na kumsogeza ukutani, nawe unapita taratibu. Na Mtume ametufundisha kwamba aliyepanda ndiye amsalimie anayekwenda kwa miguu.

Kwa punda wanaoachiwa usiku, hata hivyo, sina la kuwatetea wenye punda hao. Punda wa kijivu akisimama katikati ya njia isiyo na taa, salamu utampa nani, na mwenyewe amelala? Hapo mwendesha baiskeli ana haki kamili, na aliyemfungulia punda huyo anapaswa kulipa gharama ya gurudumu lililopinda na ya matibabu ya aliyeanguka.