Msimlaumu mama mdogo, ni mfupa haukushika

Jumapili nilikwenda kumjulia hali mama mdogo, aliyefunguliwa nyonga mara ya pili baada ya ile bandia ya kwanza kulegea. Mgeni mmoja akamwambia usoni: "Ungetulia kitandani, chuma kingeshika." Mama mdogo akageukia ukutani. Hasira yangu haijatulia mpaka leo.

Sawa, wapo wanaokanyaga kabla ya ruhusa. Mama mdogo hakukanyaga. Alitembea kwa magongo kama alivyoagizwa, na vipimo havikuonyesha maambukizi yoyote.

Halafu kuna huu usemi wetu, "mwili umekataa chuma". Titani, metali inayotumika kwenye viungo bandia, mwili unaipokea vizuri mno. Mtafiti Per-Ingvar Brånemark aliliona hilo Uswidi miaka ya 1950, alipotaka kuchomoa vifaa vya titani kwenye mifupa ya sungura akakuta vimeganda humo. Ila seli ya mfupa haikigusi chuma chenyewe. Damu ikifika tu, protini zake huwahi kujipaka juu ya chuma, kila aina na mkao wake, na seli hushika kile inachokikuta hapo. Ikikuta faibronektini, mojawapo ya protini hizo, iliyokaa sawasawa, huinasa na kuanza kujenga. Isipoikuta huchelewa, na chuma kikiwa kinatikisika kila hatua, nyama ya kovu ndiyo inayojaza nafasi ya mfupa. Sasa hapo kosa la mgonjwa liko wapi?

Ndiyo maana kazi ya kundi la mtafiti Andrés García, chuo kikuu cha Georgia Tech, Marekani, inanigusa. Hawakuiachia damu iamue. Walitengeneza kipande cha faibronektini chenye ile sehemu ambayo seli hushikilia, wakakipaka kwenye titani, wakaipandikiza kwenye mifupa ya panya. Matokeo waliyoyatoa 2008 yalionyesha mfupa umeshika kwa nguvu kuliko kwenye titani tupu, na hata kuliko kwenye titani iliyopakwa RGD, kijipande kifupi zaidi cha faibronektini.

Panya si binadamu, nakubali. Na protini huharibika kwa joto linaloua vijidudu, kwa hiyo kuifikisha salama chumba cha upasuaji ni kazi nyingine. Lakini wenye mifupa myembamba ya uzee ndio wanaoihitaji zaidi, na ningependa utafiti huu uanze na wao. Upasuaji wa pili umetugharimu shamba, na mama mdogo umemwondolea ujasiri wa kusimama.

Kesho anaanza mazoezi. Yule mgeni nimempigia simu na kumweleza haya yote. Akija, amwombe radhi kwanza.