Mafuta yasiyomwagika

Neno ndilo linalotuponza. Tunasema "mafuta ya nyuklia", na mtu wa Mombasa akisikia mafuta anaona malori ya Changamwe, mabomba ya Kipevu, na ule mkono wa bahari wa Makupa ambako mwaka 1988 mafuta yalimwagika na mikoko ikafa. Ami yangu ni mvuvi wa Mida. Nilipomtembelea mwaka 2024, wakati watu wa Uyombo, Kilifi, wanaandamana kupinga mtambo wa nyuklia uliopangwa kujengwa kwao, aliniuliza swali moja tu: "Yakimwagika, atayazoa nani?" Nikamjibu kwamba hayamwagiki. Akanitazama kama amtazamavyo mchuuzi anayeapa kuwa samaki ni wa leo.

Tangu mwaka 2025 macho ya serikali yamehamia Siaya, na wengi huku pwani wameshusha pumzi. Mimi sioni kama mjadala umetuondokea. Mtambo ukijengwa kando ya ziwa, fueli yake haitachimbwa Bondo. Itatoka ng'ambo, na shehena nzito za nchi hii mlango wake ni Kilindini. Basi afadhali tujue ni kitu gani.

Ni vidonge vya kauri. Oksidi ya urani husagwa, ikashindiliwa, ikaokwa kwenye tanuri hadi kuwa kidonge kigumu chenye upana wa milimita 8 hivi, kidogo kuliko ncha ya kidole changu. Vidonge hupangwa kimoja juu ya kingine ndani ya ala nyembamba ya aloi ya zirkoni, ambayo unene wake haufiki milimita moja, kisha ncha zote mbili huchomelewa. Hapo umepata ufito wa karibu mita 4. Fito 264 zikifungwa pamoja katika mpango wa 17 kwa 17, na nafasi 25 zikiachwa kwa vijiti vya kudhibiti moto na vipimo, unapata tita moja lenye uzito wa zaidi ya nusu tani. Fito na matita: mtu aliyewahi kusimamisha nyumba ya udongo hahitaji mkalimani.

Tita jipya lina mionzi hafifu. Wakaguzi hulishika kwa glovu na kulitazama kwa macho kama fundi cherehani anayetafuta uzi uliolegea. Sanduku lake la safari huwekwa kipima mshtuko; winchi ikilibwaga, kipima kinaandika, na tita haliingii kinuni, yaani ndani ya chombo ambamo urani huungua, mpaka likaguliwe upya. Kazi ngumu huanza baada ya tita kuungua.

Kila baada ya miezi 18 hivi, kinu cha aina ya maji yenye mgandamizo huzimwa, na kiasi cha theluthi moja ya matita hubadilishwa. Hakuna anayelisogelea tita lililoungua, maana sasa mionzi yake ni mikali. Juu ya kinu hujazwa maji, na mashine yenye mlingoti mrefu hushusha makucha, ikalikamata tita na kulipandisha taratibu. Mizani iliyo kwenye mlingoti hupima uzito muda wote. Tita likikwaruza jirani yake, uzito unapanda na mashine inajizima yenyewe. Kisha tita hulazwa, likapitishwa kwenye bomba la ukutani hadi bwawa la upande wa pili, likasimamishwa tena. Safari nzima ni chini ya maji, kwa sababu mita kadhaa za maji zinazuia mionzi vizuri na zinapitisha mwanga, hivyo mtu aliye juu ya daraja anaona anachofanya.

Ukaguzi unaonivutia zaidi ni ule unaotumia kupandishwa kwenyewe. Tita likiinuliwa mita 10 ndani ya maji, mgandamizo unaolizunguka hupungua kwa takriban angahewa moja. Kama kuna ufito wenye ufa, gesi iliyo ndani inapata nafasi na kutoka, mfano wa soda inapofunguliwa. Hewa hupulizwa kutoka chini ya mlingoti, ikanaswa juu, na kipimo kikatafuta zenoni 133 na kriptoni 85, gesi za mionzi zinazozaliwa urani ikiungua. Zenoni hupungua nusu kila baada ya siku 5 hivi, kriptoni huchukua karibu miaka 11. Kwa hiyo hata tita lililokaa bwawani muda mrefu bado lina la kusema.

Umeshajua tita linalovuja. Sasa ni ufito upi kati ya 264? Hapo hupitishwa ulimi mwembamba kati ya safu za fito, ukipiga mawimbi ya sauti yasiyosikika na sikio. Ufito mzima una gesi ndani. Uliotoboka umeingia maji, na mwangwi wake hurudi umefifia. Ujanja huu naufahamu kwa mkono wangu. Nikiwa kijana nilimbebea jeli fundi mmoja aliyekuwa akipima mabati ya meli kwenye gudi hapa Mombasa. Rangi ya ubavu ilikuwa mpya, inang'aa. Akapaka jeli, akaweka kipimo, akaandika namba kwa chaki: milimita 11, 11, 10, halafu 6. Alipofika kwenye 6 aliifuta, akapima tena mara tatu, akaandika ile ile. Nahodha alikuja juu kwelikweli, lakini bati lilikatwa.

Takwimu ninayoirudia kila mara ni hii. Kwa hesabu za Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki hadi mwaka 2006, katika kila fito milioni zilizotiwa vinuni, zilizovuja ni kama 14. Tuilete Afrika. Koeberg, jirani ya Cape Town, ina vinu viwili vilivyoanza kazi miaka ya 1980, na kila kimoja kinabeba matita 157. Zidisha kwa 264: fito 41,448. Kwa wastani ule, ukijaza vinu vyote viwili utegemee ufito mmoja, labda na kidogo, wenye tundu. Na tundu lenyewe halifunguki baharini. Linafunguka kwenye maji ya kinu, yanayozunguka ndani ya chuma na kupimwa muda wote.

Hata hivyo wastani ni mjanja. Uvujaji haujigawi sawa kama sadaka; mtambo mmoja hupita miaka mitupu, mwingine ukapata fito kadhaa kwa mkupuo. Na sababu mojawapo kubwa ni ya kuchekesha ukiisikia mara ya kwanza: kipande cha waya. Unywele mmoja wa brashi ya chuma, ile ile ya kusafishia welding, ukisahaulika ndani ya bomba, maji huuchukua hadi kwenye vishikizo vya tita, ukanasa hapo ukitetemeka, usiku na mchana, ukaikeketa ala kama msumeno. Ndiyo maana watu wa mitambo hii huhesabu kila spana inayoingia na inayotoka, na miwani hufungwa kamba shingoni. Asiyejua huona ni mbwembwe.

Wanaopinga wana hoja, na si ile ya bomu. Hoja yao nzito iko Paks, nchini Hungaria. Tarehe 10 Aprili 2003 matita 30 yalikuwa yametolewa kinuni na kutiwa kwenye tangi la kuyasafisha, ndani ya shimo la maji. Usafishaji ukaisha, matita yakaachwa humo yakipozwa na pampu ndogo, na sehemu ya maji ikawa inapita pembeni bila kuyagusa. Mvuke ukajikusanya, ala zikaungua na kuwa mkate mkavu. Kifuniko kilipofunguliwa, maji baridi yakaingia na fito zikavunjika. Linaloniuma ni kwamba kipimo kilikuwa kimesema. Kriptoni ilipanda mapema usiku ule, na waliokuwepo wakadhani ni ufito mmoja unavuja, jambo la kawaida. Hakuna aliyejeruhiwa vibaya, ila kusafisha uharibifu kulichukua miaka.

Kwa upande mwingine kuna Fukushima, nchini Japani, jengo namba 4, ambalo bwawa lake la matita liliitia dunia hofu baada ya tsunami ya 2011. Kuanzia Novemba 2013 hadi Desemba 2014 matita 1,533 yaliinuliwa humo moja moja chini ya maji, kamera zikitazama, yakapelekwa mahali salama 22 kwa safari. Kwa sababu yalitoka bila kisa, leo hakuna anayeyataja.

Kwangu mimi mizani inaelemea upande wa mafundi, na sioni haya kulisema hilo mbele ya ami. Lakini yeye haishi kwenye gudi wala Hungaria. Anaikumbuka Owino Uhuru, hapa hapa Mombasa, ambako risasi ya betri chakavu iliingia kwenye damu za watoto. Mwaka 2020 mahakama iliamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, ikaona hata taasisi za serikali zina lawama. Rufaa ikapangua, na mwisho wa 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha hukumu. Kupima risasi kwenye damu si sayansi ngumu. Vipimo vilikuwepo duniani tangu zamani. Waliochelewa kuvipata ni watu wa mtaa ule.

Tangu mwaka 2019 tuna sheria ya udhibiti wa nyuklia na mamlaka yake. Sijaona bado ikizungumzwa, kwenye mikutano ya hadhara niliyohudhuria, habari ya tita lolote. Tunaonyeshwa picha za mitambo inayong'aa na kuahidiwa megawati. Juzi nilimweleza ami kuhusu kipima mshtuko cha kwenye sanduku, nikidhani nimempata. Akatengeneza nyavu yake kwanza, kisha akauliza: "Na kikiandika kuwa kimebwagwa pale Kilindini, karatasi ile nitaiona mimi?"